Mlima Una Watu

Ukiiweka risasi ya .22 kiganjani, unaweza ukafumba mkono ukaisahau. Kichwa chake kina uzito wa gramu 2.6 hivi, na urefu wake wote haufiki hata pingili mbili za kidole. Kitako chake hakina kilipuzi cha katikati kama cha risasi kubwa. Dawa ya kulipuka imefichwa ndani ya ukingo wa ganda, na pini ya bunduki huuponda ukingo huo. Aina hii ya .22, yaani Long Rifle, ilibuniwa Marekani mwaka 1887 na mpaka leo inaongoza kwa kuuzwa. Haipigi teke begani, mlio wake ni mdogo, na bei yake ni ya mtu wa kawaida. Anayetaka kujifunza shabaha kwa raha yake, na kwa mfuko usio mnene, bunduki ya .22 ndiyo yake. Nalisema hili mapema kwa sababu sitaki kisa hiki kimtishe mtu akauacha mchezo mzuri, mchezo unaomfundisha mtu kutawala pumzi zake na haraka zake.

Ila udogo huo unadanganya, na unadanganya pande mbili. Mmoja huiona risasi ndogo akaamini kwamba haifiki popote. Mwingine huona jinsi inavyopiga pale anapotaka, akaamini kwamba inaweza kila kazi. Mtu wa kisa changu alidanganyika kotekote. Hana jina, na watu wa Same wasihangaike kumtafuta, maana nimemjenga kwa ajili ya funzo. Milima, sheria, tembo, na Mwingereza atakayetajwa mbele, hao na hayo ni ya kweli.

Alikuwa mstaafu. Miaka yake ya kazi aliimalizia Dar es Salaam, kisha akarudi kujenga nje kidogo ya mji wa Same, pale tambarare inapokwisha na Milima ya Upare inapoanza kupanda. Anayepajua anaiona hali yenyewe: chini ukavu, mibuyu, miiba na vumbi la barabara kuu ya Moshi, juu ukungu wa Vudee na Mbaga, na msitu wa Chome wenye kilele cha Shengena, mita 2,462. Kwenye televisheni alikuwa amewaona walengaji wa Olimpiki wakilenga, kutoka mita 50, duara la kumi lenye upana wa milimita 10.4. Akatamani. Muda alikuwa nao, na mikono yake ilikuwa bado haijaanza kutetemeka.

Alianza vizuri, na haki yake nampa. Kuna mtu alimnong'oneza habari ya bunduki ya marehemu mjomba wake iliyolazwa darini, bei ya kutupa, maliza leo uondoke nayo. Akakataa. Bunduki hairithiwi kimyakimya kama shamba au saa ya ukutani. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, mwenye leseni akifa silaha hukabidhiwa polisi, na anayeitaka huomba upya kwa jina lake mwenyewe. Mwaka 2022 serikali ilitoa miezi miwili, Septemba na Oktoba, watu wasalimishe silaha wanazozimiliki kinyume cha sheria bila kushtakiwa, kwa kujua kwamba ndani ya nyumba nyingi yamelala magobore na bunduki za wazee ambazo hakuna karatasi inayozitambua. Wale waliodhani wameokoa fedha kwa kununua za namna hiyo walikuwa wamejinunulia kesi.

Basi akaandika barua. Ikapita serikali ya mtaa, ikapita kamati ya ulinzi na usalama, ikapanda polisi. Akahojiwa anaitaka ya nini na ataihifadhi wapi. Mambo yakachukua miezi, naye akanung'unika kama wengi wanavyonung'unika. Miezi hiyo ilikuwa zawadi ambayo hakuitumia. Aliitumia yote kusoma habari za mitutu na darubini, na hata siku moja hakuizunguka nyumba yake akijiuliza risasi itakapotoka hapa itakwenda kusimama wapi.

Siku ya kununua aliwekewa bunduki mbili mezani, zote za kukoki kwa mkono. Ya kwanza ilikuwa kuukuu, ya Kicheki, kutoka Brno, kitako cha mti kilichochakaa rangi, haina darubini, shabaha zake za chuma tu. Ya pili ilikuwa mpya, kitako cha plastiki, magazini ya risasi kumi, na darubini juu yake ndefu karibu sawa na mtutu. Bei zake hazikupishana sana. Akaichukua ya pili.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa kuwa ndipo wanunuzi wengi wanapopoteza fedha. Bunduki ya shabaha hununuliwa kwa mambo manne au matano ambayo macho hayayaoni haraka. Kitako kifike begani bila mtu kunyoosha shingo wala kukunja mgongo. Kifyatulio kivunjike mara moja, bila kukwaruza na bila kukokota, maana kidole kinachopigana na kifyatulio huuvuta mtutu pembeni. Ndani ya mtutu kuwe kusafi, na mdomo wake usiwe na mkwaruzo hata mmoja, kwa kuwa hapo ndipo risasi inapoagana na bunduki. Uzito uwe wa kutosha kutulia. Bunduki nyepesi mno hufuata kila pigo la moyo. Na shabaha za chuma zina faida kwa mwanafunzi: zinamlazimisha kujifunza kulenga kabla hajajifunza kukuza picha. Ile kuukuu ya Brno ilikuwa na yote hayo. Bunduki za .22 hazichakai upesi, kwa kuwa baruti yake ni chache na risasi yake ni laini. Iliyotunzwa tangu enzi za babu huweza kuishinda mpya ya bei ileile.

Kisha kuna risasi zenyewe. Kila mtutu una aina yake ya risasi inayokubaliana nao. Bunduki moja, mkono mmoja, siku moja: boksi hili litatoboa matundu matano yanayofunikwa na sarafu, boksi lile litayatawanya karatasi nzima. Hakuna mwuzaji awezaye kukuambia mapema ni lipi. Hujaribiwa. Kwa hiyo kabla ya kuipenda bunduki, mtu aulize ni aina ngapi za risasi zinazopatikana kihalali pale alipo, na kama zitapatikana mwakani. Mstaafu wetu alinunua zile zenye mwendo mkali kuliko zote, akidhani mwendo ndio ubora. Kwa shabaha ni kinyume chake. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde. Risasi inayoanza kwa kasi kuizidi hupunguza mwendo ikiwa angani, na inapoteremka chini ya kasi ya sauti hutikisika. Risasi nyingi za mashindano hutoka taratibu tangu mwanzo, mita 320 au 330 kwa sekunde, zikasafiri kwa utulivu mpaka kwenye karatasi. Nazo zina kelele kidogo zaidi, jambo ambalo majirani hushukuru.

Darubini ilikula fedha za kasha la chuma la kufungia bunduki, ikala za vizibo vya masikio na miwani, ikala pia za mchanga. Za mchanga ndizo zilizokuja kumgharimu.

Nyuma ya nyumba yake mlima ulipanda ghafla. Akautazama akasema ukuta ndio huo, Mungu amenijengea. Akaliweka kopo la rangi juu ya jiwe, akapima hatua hamsini, akalala kifudifudi. Wiki za kwanza zilikwenda salama. Kopo lilitoboka, naye alifurahi kama anavyostahili kufurahi mtu aliyefanya kazi miaka yote hiyo.

Maboksi mengi ya risasi za .22 yana onyo kwamba risasi huweza kufika maili moja na nusu. Hizo ni kilomita 2.4. Kutoka Same mjini, umbali huo unavuka makazi, barabara, reli na mashamba. Mlima wenyewe, anayeutazama kutoka chini huona majani na vichaka, ilhali chini ya majani ni mwamba, na risasi laini ikilipiga jiwe kwa ubavu haisimami. Hujipinda ikapaa upande ambao hakuna anayeweza kuutabiri. Kizuizi cha risasi ni udongo uliochekechwa au mchanga, uliorundikwa juu kupita kimo cha mtu, mnene, hauna kokoto. Mlima wa mawe hauna sifa hata moja ya hizo. Tena Milima ya Upare haijawahi kuwa mitupu. Watu wameijaza tangu kale, wakachimba mifereji na ndiva za kukusanyia maji, wakajenga kwenye kila bega la mlima lenye udongo. Kila ukingo una njia, na kila njia ina mtu anayeteremka kwenda sokoni, au mtoto na mbuzi, au mama na ndoo.

Siku moja mama wa namna hiyo alikuwa akitoka bombani na ndoo ya lita 20 kichwani. Hakusikia mlio. Alichohisi kwanza ni maji yakimmwagikia usoni na kifuani, akadhani ndoo imepasuka. Alipoitua aliona tundu dogo, la duara, vidole vinne tu juu ya mahali kilipokaa kitambaa chake cha kichwa. Alipoyamwaga maji yaliyobaki, risasi ilikuwa imelala ndani, kwenye sakafu ya ndoo. Upande wake mmoja ulikuwa umebapa na kukwaruzika. Ilikuwa imepiga jiwe kwanza.

Hakulia wala hakupiga kelele. Aliichukua ndoo tupu na risasi yake, akaenda kwa mwenyekiti.

Walipokusanyika jioni ile, wapo waliotaka mstaafu alipe ndoo mambo yaishe. Mama akakataa fedha ya ndoo. Alimgeukia akamwambia, "Shemeji, siku zote nasikia wewe unacheza nyumbani kwako. Kumbe unacheza njiani kwetu."

Mzee mmoja akauliza kama hiyo ndiyo risasi ya kwanza kufika pale juu, au ni ya kwanza kupatikana. Swali hilo hakuna aliyeweza kulijibu, na mstaafu mwenyewe ndiye aliyelisikia vizuri kuliko wote. Alikuwa amekwisha kupiga maboksi kadhaa. Risasi zilizokosa kopo zilikwenda wapi? Alikuwa amehesabu matundu ya kopo tu.

Polisi walikuja wakaichukua bunduki wakati uchunguzi ukiendelea. Afande aliyeandika maelezo alimwamkia kwa adabu, kisha akamwuliza nani aliyemruhusu kupageuza pale uwanja wa shabaha. Mstaafu akatoa leseni. Afande akaisoma, akamrudishia. "Mzee, hii inasema bunduki ni yako. Mahali pa kupigia haipataji."

Sijasimulia bado udanganyifu wa pili, nao ulitangulia ule wa ndoo.

Same inapakana na Mkomazi. Lilikuwa pori la akiba tangu mwaka 1951, kisha likapandishwa kuwa hifadhi ya taifa, na lango lake la Zange halipo mbali na mji. Tembo hawasomi mipaka. Mahindi yakikomaa huingia usiku, na familia hupoteza kwa saa moja chakula cha mwaka. Usiku mmoja vijana waligonga mlango wa mstaafu: "Shikamoo Mzee, tembo wako shambani, wewe una bunduki, tusaidie." Naye, ambaye kwa wiki kadhaa alikuwa akilitoboa kopo pale pale alipotaka, alivaa viatu. Alikuwa amefika uani na bunduki mkononi alipozuiwa na binamu yake mkubwa, aliyewahi kuwa askari wa wanyamapori. Binamu hakumhutubia. Alimshika mtutu akauelekeza chini, akamwambia, "Ukimpiga kwa hiyo, kesho atakayekufa ni mtu asiyejua kwamba wewe ulipiga." Tembo aliyejeruhiwa hukaa na jeraha lake, na hulipa kwa yeyote atakayekutana naye asubuhi, mara nyingi mwanamke wa kuni au mtoto wa shule. Wakawasha mienge, wakapiga madebe, wakawapigia simu askari wa hifadhi. Siku hizi yako mashamba yanayozungushiwa kamba zilizopakwa pilipili au mizinga ya nyuki, na kazi hiyo ya pilipili ina akili kuliko bunduki yoyote ya .22.

Wanaodhani kuiamini mno bunduki ndogo ni kosa la washamba wasome habari za George Grey. Huyu alikuwa ndugu wa Sir Edward Grey, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, na hakuwa mgeni wa Afrika. Mwaka 1899 aliongoza msafara uliokwenda kutafuta shaba Kansanshi na Katanga. Mwanzoni mwa 1911 alikuwa kwenye mbuga za Athi, Kenya, akiwinda simba kwa farasi pamoja na Sir Alfred Pease. Bunduki yake ilikuwa ya .280 Ross, iliyosifiwa sana miaka hiyo: kipenyo chembamba, nyepesi, na risasi yenye kasi ambayo bunduki chache za zama zile ziliifikia. Nguvu yake ilikuwa kama mara ishirini ya .22 yetu. Simba alipomgeukia, Grey alisubiri, akapiga kwa karibu, akalenga sawa. Risasi ile ya kasi ilipasuka juujuu bila kuzama. Simba akamfikia. Grey alifia Nairobi mwezi Februari kwa majeraha. Hakukosa shabaha, alikosa katika kuchagua bunduki.

Wapo watakaonijibu kwa kumtaja W. D. M. Bell, Mskochi aliyewinda Karamoja, Uganda, ambaye aliua tembo zaidi ya elfu moja, wengi wao kwa bunduki ya kipenyo cha milimita 7. Ni kweli. Lakini Bell alipasua kichwa cha tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi kwa kila upande anaosimama mnyama, na kazi ya maisha yake ilikuwa hiyo. Waliochukua bunduki ya Bell bila kuchukua msumeno wake walikuwa wakijitakia mauti. Nami, kusema kweli, idadi ya tembo wake hainifurahishi hata kidogo.

Upande wa sheria jambo ni jepesi kueleweka. Kuingia hifadhini na silaha bila kibali ni kosa. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kumpiga mnyamapori kwa kuwa tu ana leseni ya bunduki, na haijalishi ni tembo, digidigi au kanga. Nataja kanga kwa makusudi. Bunduki ya .22 haina kelele nyingi, kopo huchosha baada ya muda, na kanga hupita karibu. Safari ya mahakamani huweza kuanzia hapo.

Uchunguzi ulipokwisha mstaafu alirudishiwa haki ya kumiliki, kwa onyo kali. Hakuirudisha ile bunduki nyumbani. Aliiuza kwa taratibu za polisi, kwa hasara, pamoja na darubini yake. Kisha akafanya alichopaswa kukifanya mwanzo. Alitembea. Alipanda ile njia ya mama mwenye ndoo, akasimama juu, akaitazama nyumba yake jinsi inavyoonekana kutoka huko, akaona kwamba hakuna upande hata mmoja wa kiwanja chake ambao risasi ya .22 ingeweza kupigwa na isiwe na mtu mbele yake. Kwa .22 angehitaji uwanja ulioidhinishwa, na huo haukuwa wa kujengwa kwa pensheni.

Akageukia bunduki ya upepo ya milimita 4.5, ile inayotumika Olimpiki kwenye mita 10 tangu Los Angeles mwaka 1984. Nguvu yake haifiki sehemu ya kumi ya .22, punje zake ni rahisi, na mita 10 zinaenea ndani ya ghala. Hakujidanganya kwamba kwa kuwa inasukumwa na upepo basi sheria haiioni; aliuliza polisi kwa barua, akasubiri jibu kwa barua, ndipo akalipa. Safari hii alinunua kwanza vitu vya pembeni: miwani, kasha la chuma lililokazwa ukutani, funguo mbili ambazo wajukuu hawajui zilipo, na sanduku la mbao lililojazwa mchanga uliochekechwa, likiwa na bamba la chuma mgongoni. Aliuondoa mlango wa ghala uliokuwa nyuma ya shabaha, pakajengwa tofali. Dirisha la juu aliliacha wazi, kwa kuwa vumbi la madini ya risasi ni sumu, na karibu na mlango wa kutokea akaweka ndoo ya maji na sabuni ya kunawia mikono kabla mtu hajagusa chakula.

Duara la kumi la mita 10 ni nukta ya nusu milimita. Kadi yake ya kwanza ya punje kumi ilimpa alama 58 kati ya 100, na zile 42 zilizopungua alijua zimekwenda wapi: zote zilikuwa ndani ya sanduku.